Pesa za Marion Crane

Mwaka 1960 Hitchcock aliagiza majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia Psycho ikishaanza. Enzi hizo watu waliingia katikati, wakakaa hadi sehemu waliyoikosa irudi. Wengi husema ilikuwa kiki tu. Mimi naona aliilinda skripti ya Joseph Stefano: nyota mwenyewe, Janet Leigh, anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu. Ukichelewa, utamngoja bure.

Lakini mimi, niliyeacha chuo nikasomea uandishi kwenye laptop, hurudia kinachofuata. Zile dola 40,000 alizoiba Marion, tulizofuata tangu mwanzo, zinatoswa kinamasini ndani ya gari, na Norman hata hajui zimo. Gari linakwama kidogo. Ghafla unajikuta unaomba lizame! Bila hotuba yoyote tumehamia upande wake, kisa sasa yeye ndiye mwenye kazi ya kumaliza.

Kwenye Jaws (1975) papa wa mashine aliharibika sana baharini, basi mapipa ya manjano yakabeba hofu yake.

Na kwetu, Nairobi Half Life, 2012: Mwas anatua mjini, anaibiwa siku hiyo hiyo. Ndoto yake ya uigizaji tunaijua tayari. Swali sasa ni atalala wapi, na jibu ni seli.