Land Rover 109 ya zamani: ufunge injini gani, na ovadraivu ina faida?

Baada ya kipindi chetu cha magari zilikuja meseji nyingi, ila moja tuliisoma mara mbili. Msikilizaji mmoja ana pikapu ya Land Rover 109 aliyoachiwa na baba yake. Ndiyo inayoshusha viazi kutoka kijijini hadi barabara ya lami, na usiku mgonjwa akizidiwa, ndiko watu wanakokwenda kupiga hodi. Sasa injini imechoka. Inakula oili, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Familia imechanga fedha ya mavuno ya msimu mmoja, na anauliza: afunge injini gani? Na ile ovadraivu, gia ya ziada anayosikia mafundi wakiisifia, aitafute?

Hewani tulijibu kwa haraka, na dakika tatu hazitoshi kwa jambo linaloweza kumeza mavuno ya msimu mzima. Tumeliandika hapa ili uweze kulisoma taratibu, hata ukiwa gereji na fundi yuko pembeni.

Tuanze na gari lenyewe. Land Rover nyingi za 109 tunazoziona bado zinatembea ni za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Huku kwetu zilikuja kwa wingi, na nyingine ziliunganishwa Thika, Kenya. Injini yake ya dizeli ina ujazo wa sisi 2,286 na nguvu za farasi 62. Nguvu hiyo ni ndogo kwa gari zito kiasi hicho, lakini injini yenyewe ni mvumilivu, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na fundi wa kawaida anaielewa. Za kuanzia 1980 kranki yake inashikwa na beringi kuu tano badala ya tatu, kwa hiyo ukipata ya beringi tano, usiitupe haraka.

Gia ziko nne, na ya nne haipunguzi wala kuongeza kitu: injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka giaboksi nayo inazunguka mara moja. Baada ya hapo transfa keisi inapunguza kidogo, halafu difu inapunguza zaidi, mara 4.7. Ukiweka tairi za 7.50-16 na kutembea kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ndiyo maana kelele ni nyingi na dereva anashuka masikio yanavuma. Gari hili lilipangwa kuvuta mzigo shambani, si kukimbia kwenye lami.

Hapo ndipo ovadraivu inapoingia. Iliyojulikana zaidi ni ya Fairey, ya Uingereza, jina ambalo wazee wa anga watalikumbuka kwa ndege. Inafungwa nyuma ya transfa keisi, ina kirungu chake, na unaiingiza kwa kukanyaga klachi ileile. Inapunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 22. Kwa kilomita 80 zilezile injini inashuka hadi mizunguko kama 2,300. Kelele inapungua, na kwenye lami iliyonyooka mafuta pia yanaweza kupungua.

Lakini ovadraivu haiongezi nguvu hata kidogo. Inachofanya ni kubadilisha nguvu kuwa mwendo. Injini ya farasi 62 iliyobeba magunia ishirini, ikifika kwenye kilima, itakulazimisha utoe ovadraivu, kisha urudi gia ya tatu, kisha ya pili. Kama safari zako ni kilomita kumi na tano za vumbi na makorongo, utakuwa umenunua kirungu cha kuning'inia tu. Na kama giaboksi yako tayari inaruka gia au inalia, usiifunge kabisa. Ovadraivu inakaa kwenye meno ya mkia wa shafti kuu, na meno hayo yakiwa yameliwa, kitu ulichokinunua kwa bei kubwa kitakufa mapema. Ina oili yake yenyewe, na ni kidogo. Ikikauka inaungua bila kukuonya sana. Anayeifunga awe mtu wa kufungua plagi na kuangalia oili mara kwa mara. Tunajua wengi wetu si watu hao.

Njia ya pili ya kupunguza mizunguko ni kubadilisha difu, kutoka 4.7 kwenda 3.54, zile za Range Rover na Discovery za zamani. Hesabu inavutia: mizunguko inashuka hadi kama 2,200 bila kirungu kipya wala oili ya kukumbuka. Hasara yake ni kwamba gia zote zinakuwa ndefu, hata ya kwanza, na kuondoka kilimani na mzigo kunakula klachi. Kwenye 109 kuna mtego mwingine. Difu ya nyuma ya Series III ni Salisbury, ile kubwa yenye kifuniko cha bolti kwa nyuma. Difu ya Discovery itaingia mbele, lakini nyuma haiingii. Wapo waliobadilisha ya mbele peke yake wakidhani nusu ya kazi imekwisha. Siku ukiingiza foo-wili, magurudumu ya mbele yanataka mwendo mmoja na ya nyuma mwingine, na kitakachovunjika ni giaboksi au ekseli, katikati ya tope.

Kama umenunua gari mkononi mwa mtu, pima kwanza una difu gani. Weka mawe mazito mbele na nyuma ya magurudumu matatu. Tunasisitiza mawe, kwa sababu hendibreki ya Land Rover hizi inashika propela shafti, haishiki magurudumu; ukiinua gurudumu moja la nyuma gari linaweza kuondoka hata kama umeivuta. Acha gia huru, fungua hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma, lizungushe mara mbili kamili na mwenzio ahesabu propela. Ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, ni 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, mtu alishabadilisha.

Sasa injini. Inayopendwa na wengi kwa gari hili ni 200Tdi, ya sisi 2,495 yenye turbo, iliyotoka na Discovery ya 1989. Ina nguvu za farasi 111, na inakubali kuunganishwa na giaboksi ya Series bila kazi kubwa ya kuchonga. Iliyofuata, 300Tdi, ina usumbufu zaidi. Hapa ndipo ovadraivu inaanza kuwa na maana, kwa sababu injini ina nguvu ya kuisukuma. Ila msukumo wake unakaribia kuwa mara mbili ya ule ambao giaboksi ya zamani iliundiwa, kwa hiyo dereva mwenye mguu mzito atavunja meno. Baadhi ya mafundi huifunga bila turbo, na kwa pikapu ya kijijini sisi tunaona hiyo ni busara. Na usisahau kwamba Tdi inatumia mkanda wa taimingi. Ukinunua iliyotumika, badilisha mkanda kabla ya kuiwasha, hata muuzaji akuapie. Ukikatika, vali zinagonga pistoni na fedha yote imekwenda.

Wengine wanafunga injini za Toyota, 3L ya sisi 2,779 au 5L ya sisi 2,986, zile za Hiace na Hilux. Faida yake kubwa ni spea, maana zinapatikana karibu kila mji. Ugumu ni bamba la kuunganisha injini na giaboksi. Likichongwa nje ya senta kidogo tu, klachi na beringi havidumu. Mwulize fundi akuonyeshe gari alilolifunga mwaka juzi na bado linatembea. Akitaka kuhamisha giaboksi ya gia tano na transfa keisi yake, kumbuka kwamba difu ya mbele ya Land Rover iko upande wa kulia, na transfa keisi lazima itoe shafti upande huohuo.

Injini yoyote yenye nguvu zaidi inakutana na breki zilezile za dramu. Gari lililokuwa likichoka kwenye kilomita 75 sasa linafika 100, na nyuma wamekaa watu juu ya magunia. Tenga fedha ya breki na stelingi kabla ya ovadraivu. Pia dai risiti yenye namba ya injini, na upeleke taarifa mamlaka ya usajili ili kadi ibadilishwe. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi.

Kwa msikilizaji wetu wa viazi, jibu letu ni hili. Afungue injini kwanza. Kama bloku na kranki ni vizima, aifanyie ovaholi: silaiza au pistoni mpya, beringi, nozo na pampu vipimwe. Itapanda polepole kama zamani, lakini itawaka asubuhi. Kama bloku imepasuka, atafute 200Tdi, ifungwe bila turbo, na difu zibaki 4.7. Ovadraivu aiache mpaka siku atakapoanza kupeleka viazi mjini mwenyewe, kwenye lami, kila wiki.