Safina, Kitabu Kidogo Kilichowasomesha Watu wa Pwani

Sheikh Salim bin Sumeir alizaliwa Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu. Alishika ukadhi huko kwao, akasafiri hadi India, kisha Java, na akafariki mwaka 1855 katika mji wa Batavia, ambao leo ni Jakarta. Aliacha kitabu kifupi ambacho mtu mzima anaweza kukisoma chote kwa kikao kimoja. Jina lake ni Safinatun Naja, lakini chuoni kinaitwa Safina tu. Mtoto wa Lamu, Mombasa, Unguja au Ngazija, akishamaliza kuhangaika na Juzuu ya Amma, hutiwa Safina mkononi, kama anavyotiwa mwenzake wa Tarim huko Hadhramaut na mwenzake wa Java.

Anayetaka kujua Waislamu wa pwani yetu wanaamini nini na wanafanya nini, mimi humwelekeza hapo kabla ya kitabu kingine chochote. Humo hamna majadiliano marefu ya wanazuoni. Mna hesabu: nguzo za Uislamu tano, nguzo za imani sita, faradhi za udhu sita, nguzo za sala kumi na saba. Mtunzi alijua anayemwandikia. Mtoto wa miaka minane akiambiwa faradhi ni sita, akizitaja tano mwenyewe anajua kuna moja imemtoka.

Hesabu zenyewe hakuzizua yeye. Zile mbili za mwanzo zinatoka kwa Mtume Muhammad mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Katika hadithi mashuhuri aliyoisimulia Umar bin Khattab, mtu asiyejulikana alitokea barazani kwa Mtume, nguo nyeupe pe, nywele nyeusi ti, wala hana alama ya safari. Akakaa goti kwa goti na Mtume, akauliza Uislamu ni nini, imani ni nini, ihsani ni nini, na Kiyama kitakuwa lini. Kila alipojibiwa alisema ni kweli, na masahaba wakashangaa muulizaji gani huyu anayesadikisha majibu. Alipokwisha kuondoka Mtume aliwaambia kuwa yule ni Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao. Kwa hiyo mtindo wa chuo, wa kuuliza na kujibu, una asili ya mbali.

Majibu yale ndiyo ukurasa wa kwanza wa Safina. Nguzo tano za Uislamu ni kushuhudia kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu na kwamba Muhammad ni Mtume wake, kusimamisha sala, kutoa zaka, kufunga Ramadhani, na kwenda kuhiji Makka kwa mwenye uwezo. Nguzo sita za imani ni kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, ya heri na ya shari. Katika vitabu hivyo Mwislamu anaiamini Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi na Injili ya Isa kama zilivyoteremshwa, na Kurani ndiyo ya mwisho. Katika mitume hao wamo Nuhu, Ibrahimu, Musa na Isa, na ukimkanusha mmoja umewakanusha wote.

Baada ya hapo kitabu hakikawii. Kinataja dalili za kubaleghe, kwa sababu hapo ndipo mja anapoanza kuandikiwa, kisha kinaingia kwenye maji. Wageni wengi wanaposoma habari za Uislamu huliruka somo hili la tohara wakiliona dogo. Mimi naliona limebeba historia yetu kuliko masomo mengine. Katika udhu Safina inataka mambo sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kuyafuata hayo kwa mpango wake. Sasa mtazame Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyefika Mombasa mwaka 1331, karne tano kabla Safina haijaandikwa. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni mwa kila msikiti kisima kimoja au viwili, vifupi, vya kuchotea kwa kata ya mti yenye mpini. Pembeni palisakafiwa. Aingiaye aliosha miguu, akaifuta kwenye kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni, ndipo akaingia. Aliandika pia kwamba watu wa mji ule ni wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu na waaminifu.

Ushahidi wa mapema zaidi uko ardhini. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimbua chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta mabaki ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya kale kabisa ikiwa ya karne ya 8. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye ukuta wa kibla yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Basi tusidhani Sheikh Salim ndiye aliyetuletea dini. Waliosali Shanga walijua udhu wao karne kumi na zaidi kabla yake. Alichofanya yeye ni kuyapanga yaliyokuwa yakijulikana yakaingia mfukoni mwa mtoto.

Jambo la kujiuliza ni kwa nini kitabu kimoja kikubaliwe Lamu na Java sawasawa. Jibu ni madhehebu na upepo. Imamu Shafii alifariki Misri mwaka 820, na njia yake ya kuifahamu sheria ikashika Yemen, kisha ikafuata bandari za Bahari ya Hindi. Masharifu na masheikh wa Kihadhrami waliokuwa wakihamia Pwani ya Afrika Mashariki, Visiwa vya Ngazija, India na Java walisoma vitabu vilevile, wakaoa walikofikia, wakafungua darsa. Hata Unguja ilipokuwa chini ya masultani wa Kiomani, ambao ni Waibadhi, raia wengi walibaki Washafii, na serikali ikawa na makadhi wa pande zote mbili. Washia nao, Mabohora, Maithnaasheri na Maismaili, walikuwa na misikiti na majumba yao ya ibada mjini humo humo.

Nirudi kwenye sala. Safina inasema nguzo zake ni kumi na saba: nia, takbira ya kuhirimia, kusimama kwa anayeweza, kusoma Alhamdu, kurukuu, kuitadili, kusujudu mara mbili, kukaa baina ya sijida mbili, na kuendelea hadi salamu na kupanga. Katika hizo kumi na saba, nne ni kitu kimoja kinachorudiwa: kutulia. Ukirukuu utulie, ukiitadili utulie, ukisujudu utulie, ukikaa baina ya sijida utulie. Mtunzi aliyebana maneno kiasi kile hakuona vibaya kulirudia hilo mara nne. Ukimwona mzee wa pwani anasali Adhuhuri pole pole dukani kwake na wateja wanangoja, ujue hiyo si tabia ya uzee. Alifundishwa kwamba rukuu isiyo na utulivu si rukuu.

Kwenye zaka mwalimu wa pwani alikuwa na kazi ya ziada. Kitabu kinataja mali za aina sita zinazotolewa zaka: wanyama wa kufugwa, dhahabu na fedha, mazao, mali ya biashara, hazina iliyofukiwa, na madini. Wanyama ni ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi. Kwa mwanafunzi wa Pemba swali lilikuwa mikarafuu na minazi. Katika madhehebu ya Shafii zaka ya mazao inawajibika kwenye chakula kikuu kinachowekeka, mfano mpunga na mtama, pamoja na tende na zabibu: sehemu ya kumi ikiwa shamba limenyeshewa na mvua, nusu ya hiyo ikiwa limemwagiliwa kwa gharama. Nazi na karafuu hazimo. Lakini mfanyabiashara aliyenunua magunia ya karafuu kwa nia ya kuuza, hizo zimekuwa mali ya biashara, na mwaka ukitimia atatoa sehemu moja katika arubaini ya thamani yake ikiwa imefika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka. Maelezo hayo mtoto hayapati kwenye matini. Huyapata kwa mwalimu, kwa Kiswahili.

Na hapa kitabu kinaisha. Sheikh Salim aliishia kwenye zaka. Mlango wa saumu uliomo kwenye nakala nyingi uliongezwa na Sheikh Muhammad Nawawi wa Banten, Mjava aliyehamia Makka, akasomesha huko na kufariki mwaka 1897, baada ya kuisherehesha Safina kwa kitabu kizima. Nguzo ya tano, hija, aliyoitaja ukurasa wa kwanza, hakuwahi kuifikia.

Saumu watu wa pwani hawakuhitaji kitabu waikumbuke. Kalenda yao yenyewe imefungamana nayo. Mwezi unaofuata Ramadhani, Shawwali ya Waarabu, wao huuita Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Idi Kubwa huangukia Mfunguo Tatu, na Maulidi Mfunguo Sita. Mwaka mzima unahesabiwa kwa umbali wake na mwezi wa kufunga. Kabla ya sala ya Idi kila mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri kwa ajili yake na walio chini yake, pishi ya chakula, yaani vibaba vinne, ili siku hiyo pasiwe na nyumba isiyopika.

Hija ilifunzwa na waliokwisha kwenda. Safari ya jahazi ilitawaliwa na pepo mbili, kusi ya kupandia kaskazini na kaskazi ya kurudia, ilhali mwezi wa hija unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka wa jua. Hujaji aliweza kungoja miezi Bara Arabu kabla ya siku yenyewe au baada yake, na wengine waliutumia muda huo kusoma kwa masheikh wa Makka na Hadhramaut. Meli za moshi za Waingereza zilipoanza kuja Unguja kwa ratiba mwaka 1872, ule utumwa wa upepo ulilegea.

Tatizo kubwa la chuo lilikuwa lugha. Safina ni ya Kiarabu, na mtoto aliihifadhi kwa Kiarabu. Aliyejaliwa mwalimu mwenye bidii alifasiriwa neno kwa neno. Asiyejaliwa aliondoka na sauti tupu kichwani. Aliyelisema hilo wazi kuliko wote ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891. Alisoma kwa wakubwa wa zama zake, wakiwemo Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir wa Unguja, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925, na aliyafuatilia kwa karibu maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, kijigazeti cha Kiswahili, na mwaka 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwaandikia watoto kitabu cha kwanza cha dini, Hidayatul Atfal. Tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na bado aliandika kwa lugha ambayo mchuuzi wa samaki anaielewa.

Kulikuwa na sababu ya kuharakisha. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilifanywa na padri wa misheni ya Kianglikana Unguja, Godfrey Dale, akaitilia maelezo ya kuujibu Uislamu. Ya pili, ya mwaka 1953, ilitolewa Nairobi na Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo Masunni hawakubaliani nayo katika suala la utume. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, mwalimu wa shule kwa kazi, alikuwa akichapisha tafsiri yake sehemu kwa sehemu, na mwaka 1969 ikatoka nzima Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu: Kiarabu na Kiswahili, na maelezo marefu chini. Hapo alikuwa ameshahamia Kenya na kuwa Kadhi Mkuu. Kiswahili chake ni cha mtu anayezungumza na jirani yake, na naamini hilo ndilo lililoipeleka mpaka bara, kwenye nyumba ambazo Safina haikuwahi kufika.

Farsy alitufanyia jambo jingine kabla ya kufariki Oman mwaka 1982. Aliandika kitabu cha wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, mji gani, kitabu gani. Tunayoyajua kuhusu walimu wa Sheikh Al-Amin na wa wengi wengine tunayajua kwa sehemu kubwa kutoka humo. Ila waliomo ni wanaume. Wanawake waliosomesha watoto uani na vyumbani mwao, Alhamdu, udhu, zile kumi na saba za sala, hawamo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate tunamjua kwa kuwa aliuandikia utenzi binti yake, mwaka 1858 hivi, akimfunza na wajibu wake kwa Mola. Wengine hawakuandika. Wanafunzi wao wa mwisho wako hai hadi leo Lamu, Pemba na Bagamoyo, na wanayakumbuka majina ya walimu wao. Majina hayo yanahitaji kuandikwa sasa.