Sakafu ya udongo iliyopakwa mafuta

Sakafu ya udongo iliyopakwa mafuta ni sakafu ya changarawe, mchanga na mfinyanzi vilivyoshindiliwa, ikazibwa juu kwa mafuta yanayokauka. Katika Afrika Mashariki imeenezwa hasa na EarthEnable, shirika lililoanza kazi Rwanda mwaka 2014 kisha likaingia Uganda.

Kwa Sepuka, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ufundi huu si mgeni kabisa. Waliokulia kwenye nyumba za tembe wanakumbuka udongo uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe ukisiribwa kwa kiganja, na jinsi ulivyorudi kuwa vumbi baada ya siku chache za kufagia. Kigeni ni utando wa juu tu. Fundi anayeipeleka sakafu hii kijijini aanzie hapo, kwenye kile ambacho wenyeji wanakijua, na atengeneze kwanza chumba kimoja ambacho jirani ataingia na kukikanyaga. Tatizo kubwa ni heshima: saruji imekuwa alama ya maendeleo, na kumwambia mtu abaki na udongo ni rahisi kusikika kama kumdharau.

Udongo hupimwa kwenye chupa ya maji. Ukitikiswa na kuachwa utulie, mchanga hukaa chini na mfinyanzi juu. Mchanganyiko unaofaa una takriban mchanga sehemu tatu kwa mfinyanzi sehemu moja. Mfinyanzi ukizidi, sakafu hupasuka. Sakafu hushindiliwa, ikasawazishwa kwa mwiko na pima maji, ikaachwa ikauke hadi ndani. Kwa Singida, yenye msimu mmoja wa mvua, kazi hii ni ya kiangazi.

Mafuta yanayotumika kwa kawaida ni ya mbegu za kitani. Hayakauki kama maji: hushika oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu. Sakafu hudekiwa, vumbi hukoma, na funza hukosa mchanga mkavu wa kuzaliana. Alizeti ya Singida inashawishi, lakini mafuta yake ya kupikia hukauka nusunusu na kubaki yakinata.

Faida ya sakafu ngumu kwa watoto si ya kukisia. Nchini Mexico, mpango wa Piso Firme uliweka saruji juu ya sakafu za vumbi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta minyoo na vimelea vingine vya tumbo vimepungua kwa asilimia 78 kwa watoto, na kuhara kwa asilimia 49. Lakini saruji ni ghali kwa mkulima, na uzalishaji wake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani.

Matambara yaliyotumika kupakia mafuta ya kitani yasirundikwe. Hupata joto yanapokauka na yanaweza kuwaka yenyewe. Yalowekwe majini au yatandazwe nje, moja moja.