Simu za ofisi zinavyogeuziwa laini za akiba mtandao unapoelemewa

KAMPUNI nyingi zenye matawi mikoani hupitisha simu zao za ndani katika mtandao uleule unaobeba barua pepe na hesabu za kila siku. Tatizo huanza njia hiyo inapojaa.

Simu moja ambayo sauti yake haijabanwa hutumia takriban kilobiti 80 kwa sekunde. Ofisi iliyotenga kilobiti 512 kwa mazungumzo kati ya Dar es Salaam na Mwanza ina nafasi ya simu sita tu. Ya saba ikiruhusiwa, haitaharibika peke yake. Sauti itakatikakatika katika simu zote saba. Ndiyo maana mtambo wa simu huhesabu mazungumzo yaliyopo kabla ya kuruhusu jingine.

Simu iliyokosa nafasi si lazima ikataliwe. Mtambo uliopangwa vema huigeuzia laini za kawaida za mezani, bila mpigaji kupiga upya. Lakini nambari ya ndani, tuseme 4105, haina maana nje ya ofisi. Mtambo sharti uijue nambari kamili ya mhusika, ambayo kwa Mwanza huanza na 028. Simu hiyo hulipiwa, na mhasibu ataiona katika ankara.

Laini za akiba zisipite katika mkonga uleule, kwani sururu moja ya wachimba mitaro hukata njia zote mbili. Tena, mkonga ukikatika kabisa, simu za tawi hupoteza mtambo mkuu wa kuziongoza; hapo tawi huhitaji kifaa chake lenyewe.