Baridi ya Kilimanjaro

Msomaji, usimamapo Loitokitok asubuhi, Kilimanjaro waonekana mlima mmoja. Kumbe una hali za hewa nyingi, zilizopandana kama orofa za nyumba.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona kileleni weupe unaong'aa. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita “baridi” tu. Jawabu lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko maneno ya wataalamu wa Ulaya ambao, wakiwa vitini mwao, walikana kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Ubishi ulipungua nguvu mwaka 1862, von der Decken alipopanda zaidi ya mita 4,000, theluji ikamwangukia.

Tangu hapo kazi imekuwa ya kupima. Kila upandapo mita 1,000, joto hushuka nyuzi sita hivi. Mvua haina kanuni nyepesi kama hiyo. Moshi mjini ni haba. Ndani ya msitu wa kusini, penye mita 2,200 hivi, hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kisha hupungua, hata Kibo haifiki 200. Awekaye kipimamvua kimoja mjini, akadhani ameupima mlima, amejidanganya.

Mwaka 2000 kituo cha kujiandikia chenyewe joto na upepo kilisimamishwa juu ya barafu ya kileleni. Barafu hiyo, iliyoenea kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, haikufika 2 mwaka 2011. Watu wengi waliililia. Mimi nami, nilipoanza ualimu, nilifundisha kwamba mito ya mlima ule ni barafu iliyoyeyuka. Nawataka radhi wanafunzi wale. Kwani mwaka 2005 Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyepima mlima toka chini hadi juu, alieleza jambo jingine. Msitu wa juu hukamua ukungu: matone hunaswa na majani, na mimea iningʼiniayo matawini kama ndevu, yakadondoka ardhini. Kipimamvua kilichowekwa uwanjani hakiyaoni maji hayo. Mioto iliyozidi tangu mwaka 1976, mlima ulipokuwa ukikauka, imeurudisha mpaka wa msitu chini kwa mamia ya mita. Na maji ya ukungu yaliyopotea hivyo ni mengi kuliko yatokayo kwenye barafu.

Mwaka huohuo wa 2005 msitu uliingizwa katika hifadhi ya taifa ya Tanzania. Nasi twahusika: chemchemi za Amboseli, zinyweshazo ng'ombe na ndovu wetu, hupata maji yake chini kwa chini kutoka mlima huo ulio ng'ambo ya mpaka.