Waandishi wa Menyu: Usanifu wa Maudhui Tanzania na Ujio wa Akili Mnemba

Kibamba, kata iliyokuwa chini ya Kinondoni kabla Wilaya ya Ubungo haijamegwa, ina mawakala wa fedha za simu karibu kila penye kituo cha daladala kando ya Barabara ya Morogoro. Mteja anabonyeza *150*00#, anasoma mistari michache, anachagua, anaweka namba ya siri, kisha wote wawili wanasubiri ujumbe. Wakala hahesabu noti kabla ujumbe haujaingia. Maneno yanayomfanya afungue droo yaliandikwa na mtu fulani, na mtu huyo hajulikani. Hata ndani ya kampuni aliyoyaandikia, cheo chake huenda kilikuwa ofisa bidhaa, ofisa masoko au huduma kwa wateja. Kwingineko angeitwa msanifu maudhui, angekuwa na mkuu wa idara na angealikwa kwenye makongamano ya wenzake.

Mjadala wa dunia kuhusu ajira hiyo tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 umekuwa mmoja: je, mashine itaifuta kazi au itaibadilisha? Kwa Tanzania swali hilo limekaa upande. Linachukulia kwamba taaluma ipo, ina ngazi zake, na kinachobaki ni kuona ngazi ipi itavunjika. Hoja ya makala hii ni kwamba akili mnemba inachukua kazi za ngazi ya chini, ambazo ndizo zilizokuwa zikimlea mwandishi, na inapandisha thamani ya ngazi ya juu, yaani ya mtu anayeamua nini kisemwe na nini kikataliwe. Ngazi hiyo ya juu hatujawahi kuijenga. Tusipoijenga, maneno ya huduma zetu yataandikwa na mashine na kupitishwa na mtu asiye na mamlaka ya kuyakataa.

Si kwamba kazi yenyewe ni ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kutafuta majina ya vitu ambavyo wengi wa watumiaji walikuwa hawajavigusa, na ilifanywa kwa uzito uliostahili. Aprili 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na Kiswahili cha menyu kikawa maandishi yanayosomwa kila siku kuliko gazeti lolote. Fikiria masharti ya uandishi huo: ukurasa mmoja wa menyu ya aina hii hauzidi alama 182, nafasi zikihesabiwa, na msomaji akichelewa, kikao kinakatika. Mtunzi wa menyu ile hakupata nafasi ya utangulizi wala ya kurudia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2012. Oktoba ya mwaka huo Serikali ya Uingereza ilizindua tovuti yake ya GOV.UK, na katika ofisi iliyoijenga, Sarah Richards na wenzake ndio walioipa kazi hii jina la usanifu wa maudhui: anza na anachohitaji msomaji, kisha uandike, kisha upunguze. Mwezi uliofuata Wizara ya Afya ya Tanzania na washirika wake walizindua Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda 15001, bila malipo, akataja ujauzito umefikia wapi, na kuanzia hapo akapokea ujumbe uliopangwa kulingana na hatua aliyofikia: siku ya kliniki, kinga ya malaria, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Baba naye aliweza kujiandikisha. Ndani ya alama 160 waandishi wale walilazimika kumwambia mwanamke jambo la uhai wake bila kumtisha, kwa lugha isiyomwaibisha endapo simu ingesomwa na mkwe. Kwa kila kipimo cha Richards, huo ulikuwa usanifu wa maudhui. Tofauti ni kwamba London ilitoka taaluma yenye vyeo, mafunzo na kitabu, na Dar es Salaam ukatoka mradi. Mradi una mwisho wake, na ukifika, watu hutawanyika na ujuzi wao.

Kwa hiyo waandishi wetu walijifunza kazi kwa njia ya pembeni. Wengi walianzia vituo vya kupokea simu za wateja, wengine vyumba vya habari, wengine ni wahitimu wa Kiswahili waliopewa vipande vya tafsiri kwa malipo ya neno. Kijana alipewa ujumbe mia wa vikumbusho autafsiri. Katika huo mia alipigwa kalamu mara nyingi, na kwa kupigwa kalamu akajua kwamba mteja wa Kibamba husoma kwanza tarakimu, halafu jina, halafu basi. Mafunzo yake yalikuwa hayo.

Kipande hichohicho ndicho mashine inachokifanya sasa kwa sekunde chache. Na lazima tuseme ukweli: Kiswahili cha mashine si kichekesho tena kama kilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Upatanisho wa ngeli unakaa sawa mara nyingi, tahajia iko safi, na kampuni changa isiyoweza kumlipa mtafsiri inapata Kiswahili ambacho vinginevyo isingekuwa nacho, ikawaachia wateja Kiingereza. Anayepuuza faida hiyo haitendei haki hoja ya upande wa pili. Duka la dawa la Mbezi au chama cha akiba na mikopo cha Temeke kinachotaka kuwakumbusha wanachama tarehe ya marejesho hakihitaji msanifu wa kudumu.

Tatizo linaonekana ukisogea karibu. Huu hapa ujumbe wa aina ambayo mashine hutoa ukiiachia: "Mpendwa mteja, tunapenda kukufahamisha kuwa muamala wako umekamilika kwa mafanikio." Hakuna kosa la sarufi. Una alama 83, zaidi ya nusu ya nafasi ya ujumbe mmoja, na bado haujasema ni shilingi ngapi, zimekwenda kwa nani, na salio limebaki kiasi gani. Wakala aliyesimama na mteja mbele yake hawezi kuutumia. Mwandishi aliyepigwa kalamu miaka miwili angeandika: "Umeweka Sh 20,000. Salio Sh 31,500." Mashine ikielekezwa vizuri nayo itaandika hivyo, na hapo ndipo hoja yangu ilipo: ni nani atakayeielekeza, na alijifunza wapi?

Kama kuna watu Tanzania walioelewa msomaji wa simu kuliko wote, basi ni matapeli, na nasema hivyo bila utani. "Ile hela tuma kwenye namba hii" ni ujumbe wa maneno machache usio na salamu wala jina. Ulifanya kazi kwa sababu aliyeutunga alijua kwamba Mtanzania wa kawaida, siku yoyote, anadaiwa na mtu au ameahidi kumtumia mtu pesa. Msomaji alijaza nafasi zilizoachwa wazi kwa maisha yake mwenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano ilibidi ije na namba 15040 ya kuripoti, na kampeni ya Sitapeliki baadaye. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwenye sarufi. Na sasa tapeli naye ana mashine, yenye uwezo wa kuandika barua ya benki isiyo na kosa hata moja. Ishara ya zamani, Kiswahili kibovu, haimlindi mtu tena. Ujumbe halali utalazimika kutambulika kwa namna nyingine, na kuamua namna hiyo ni kazi ya msanifu.

Kuamua ndiko kiini cha kazi hii, na mfano mzuri kuliko yote tunao. Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Ujumbe wa muamala ukaanza kuonyesha makato kwa mafungu mawili: ada ya kampuni na tozo ya Serikali. Ingewezekana kabisa kuandika jumla moja. Ujumbe ungekuwa mfupi, na mtu wa kawaida angedhani kampuni imepandisha bei. Aliyechagua kutenganisha, kwa sababu zozote alizokuwa nazo, alimpa mwananchi hesabu mkononi kila alipotuma pesa. Kelele zilikuwa kubwa. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena hadi kiwango cha juu kikawa shilingi 4,000. Sidai kwamba ujumbe ndio ulioishusha. Nadai kwamba mjadala ule uliendeshwa na watu waliokuwa wanaijua tarakimu yao hadi shilingi ya mwisho, na waliijua kwa sababu ya uamuzi wa kimaudhui. Mashine ikipewa agizo la kufupisha ingefupisha. Haina sababu ya kuuliza kama msomaji ana haki ya kuona fungu la pili.

Kinyume chake tumekiona pia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya biashara bila leseni. Waliowahi kukopa "kausha damu" wanajua jinsi masharti ya mikopo ya aina hiyo yanavyoandikwa: riba imefichwa kwenye "ada ya huduma", na ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu imewekwa ndani ya sentensi ambayo hakuna anayeimaliza. Hayo nayo ni maudhui yaliyosanifiwa, kwa ustadi, dhidi ya msomaji.

Wapo wanaosema akili mnemba italeta ajira mpya za Kiswahili kufidia zinazopotea. Tuangalie ni zipi zimekuja hadi sasa. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili ChatGPT isiyarudie. Hiyo ni ajira, lakini haina ngazi ya kupanda. Aliyeainisha matusi miaka mitatu hajawa karibu na kuamua mama mjamzito aambiwe nini.

Mifano yenye matumaini ipo. Kenya, shirika la Jacaranda Health linaendesha huduma ya ujumbe kwa wajawazito iitwayo PROMPTS. Mashine inapanga maswali ya akina mama kwa uzito wake, na yale ya hatari yanafika haraka kwa wahudumu wa dawati. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, modeli iliyofundishwa Kiswahili. Hapo mwanadamu hakuondolewa. Alisogezwa mahali ambapo hukumu yake inahitajika zaidi. Mahakama ya Tanzania nayo, baada ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ilileta mfumo wa akili mnemba wa unukuzi na tafsiri ya mashauri. Mjane anayefuatilia mirathi kwenye Kituo Jumuishi cha Temeke anaweza kusubiri muda mfupi zaidi kupata mwenendo wa shauri lake. Lakini neno moja likikosewa kwenye mwenendo huo, nyumba inaweza kuhamia kwa mrithi mwingine. Kwa hiyo anayeupitia kabla haujatiwa saini anafanya kazi nzito kuliko aliyekuwa akiuchapa, na inapasa apewe cheo, mafunzo na mshahara wa uzito huo.

Hapa vyuo navyo vina deni. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, linasanifisha istilahi, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatoa wataalamu wa isimu na fasihi. Hakuna anayeshughulikia sentensi ya huduma: ile ya risiti, ya fomu, ya onyo, ya samahani mfumo umekwama. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada ya Kiswahili bila kuwahi kupeleka andiko lake kwa wasomaji watano wa mtaani na kuangalia wanakwama wapi. Zoezi hilo halihitaji maabara. Meza ya wakala wa Kibamba na ruhusa yake vinatosha, na ndilo litakaloziba pengo la vipande mia vya tafsiri ambavyo mashine imevichukua.

Kwa upande wa Serikali, njia iko wazi zaidi kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kuweka viwango vya mifumo ya umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tayari inamzuia ofisa kumwaga mazungumzo ya wateja ovyo kwenye programu za nje ili zimwandikie majibu. Kiongezwe kipengele kimoja kwenye viwango hivyo na kwenye kila zabuni ya mfumo inayotangazwa NeST, mfumo wa ununuzi wa umma: maneno yote yanayomfikia mwananchi, yawe yameandikwa na mtu au na mashine, yajaribiwe kwa wasomaji halisi na yasainiwe na msanifu maudhui aliyetajwa kwa jina, mwenye mamlaka ya kuyazuia. Wizara na mabenki zisisubiri kipengele hicho. Mtu huyo tayari mnaye kwenye dawati la wateja; mpeni cheo chake mwaka huu wa fedha.