Monita Si Mwandika Majina



Wengi wetu tuliosomea Nyeri, Karatina au Murang'a twamkumbuka monita. Mwalimu alipotoka darasani, monita alishika chaki na kuandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu aliporudi, walioandikwa walichapwa. Basi tukakua tukidhani kuonya ni kuandika makosa ya watu.

Lakini neno hilo halikuanza hivyo. Shina lake ni neno la Kilatini, monere, maana yake kukumbusha, kushauri na kuonya. Mwishoni mwa karne ya 18 Andrew Bell, kasisi wa Kianglikana, aliwaweka watoto wa shule moja huko Madras, India, wawafundishe wenzao. Joseph Lancaster, Mkwekeri, akafanya vivyo hivyo London tangu 1798. Watoto hao waliitwa mamonita. Walisimamia utaratibu, naam, lakini kazi yao kubwa ilikuwa kumfundisha mwenzao asiyejua.

Tena, katika Wakolosai 3:16 Paulo awataka waamini wafundishane na kuonyana. Biblia ya Kilatini yatumia hapo neno la shina lilo hilo. Na Kiswahili chetu je? Kuonya kumetokana na kuona: ni kumfanya mtu aone. Wakikuyu nao husema kuonia, yaani kuonyesha.

Uamsho ulipofika Kenya mwaka 1937, ukitoka Rwanda na Uganda, ndugu walijifunza kuambiana kweli ana kwa ana. Aliyemwonya mwenzake alianza kwa kuungama dhambi yake mwenyewe. Aliye na boriti jichoni atamwonyesha nani njia?

Sisi wachungaji nasi twakiri. Ndugu ameanza kulewa, na habari zake tumezisikia njiani na sokoni. Tumezungumza juu yake katika baraza, tena tumemwombea kwa jina. Lakini mlangoni pake hatujabisha hodi. Tumeandika jina lake ubaoni, basi.

Mwokozi wetu katika Mathayo 18:15 atuagiza tumwendee ndugu huyo, sisi na yeye peke yetu. Ndugu msikilizaji, ni nani uliyemwandika ubaoni mwa moyo wako? Futa jina hilo leo, kisha uende nyumbani kwake.

Tuombe. Ee Bwana, tufumbue macho kwanza, ndipo tuweze kumsaidia ndugu yetu aone. Amina.